Ukaguzi Nilioahirisha

Mwaka jana mweka hazina wa darasa letu alionekana mwizi kwa siku mbili nzima. Kosa lilikuwa langu, na nilijua.

Tulikuwa tunachanga shilingi 25,000 kila mtu kwa ziara ya magofu ya Kaole, Bagamoyo. Mimi nasoma ualimu, hesabu na kompyuta, basi darasa likanipa kazi ya kutengeneza programu ndogo ya kuorodhesha waliolipa. Niliiandika kwa JavaScript, ikawa inaendeshwa na Node.js kwenye seva. Mtu akilipa kwa simu, kampuni ya malipo inaitumia seva yetu ujumbe kwamba fulani kalipa, na jina linaingia kwenye orodha.

Sasa seva itajuaje kama ujumbe umetoka kwa kampuni kweli? Sekondari mwalimu wetu aliangalia tu kama saini ya mzazi ipo kwenye ripoti, ndiyo maana wengi tuliwasainia wazazi wetu. Saini ya kidijitali haiendi hivyo. Kampuni inasaini kwa ufunguo wa siri ilio nao yenyewe tu. Sisi tunakagua kwa ufunguo wa umma iliotupa. Node.js ina moduli ya crypto, na ndani yake amri ya verify: unaipa ujumbe, ufunguo na saini, inajibu true au false. Ikibadilika hata nukta moja ya ujumbe, jibu ni false.

Yangu ilijibu false kila mara. Saa saba usiku, nimekaa kimbwetani, bando linaisha, nikauzima ule mstari wa ukaguzi. Nitaurudisha kesho, nikasema. Tena nikiomba msaada nilikuwa nimebandika anwani ya seva kwenye kundi la darasa la WhatsApp. Hiyo kesho haikufika.

Wiki ya ziara orodha ilionyesha watu 43. Pesa iliyokuwepo ni 1,000,000, ya watu 40. Si unajua chuo kilivyo? Watu wakaanza kuhesabu hadi viatu vya dada wa watu. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta jumbe tatu zisizo na saini kabisa. Mtu alijitungia, seva ikapokea. Nikanyamaza siku mbili, eti natafuta uhakika. Uongo, niliona aibu.

Tatizo lenyewe jamani lilikuwa dogo. Kampuni ilisaini maandishi yenye 25000.00. Programu yangu iliusoma ujumbe, ikauandika upya, ndipo ikakagua. JavaScript ikaandika 25000. Kiasi kilekile, maandishi tofauti, saini inakataa. Dawa ni kukagua ujumbe mbichi kama ulivyofika, kabla hujaugusa. Ule ukaguzi ulionikera ulikuwa unasema kweli muda wote.

Siku ya tatu nilisimama kabla ya kipindi, nikaeleza yote, nikaahidi kulipa zile 75,000 boom likitoka. Mweka hazina hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulijua tangu lini?"

"Juzi."

Akafunga daftari lake la michango, akatoka nje.

Wewe unayeandikia darasa au kikundi chako programu, ukaguzi ukikataa, usiuzime. Tafuta sababu. Na ukiwa umeshauzima, sema siku hiyohiyo. Programu niliirekebisha kwa dakika 20. Salamu za yule dada zilichukua muhula mzima kurudi.