Uzi Umehamia Kushoto

Nafuma sweta tangu darasa la sita. Mamangu alinifunza kushika uzi kwa mkono wa kulia na kuuzungusha kwenye sindano kwa kila kitanzi, vile Waingereza hufanya.

Mwaka huu kifundo cha mkono huo kimeanza kuuma. Na sweta za shule ndizo hulipa kodi ya nyumba pesa za makala zikichelewa, kwa hivyo siwezi kuacha. Nimehamisha uzi kushoto, mtindo ambao Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka wa 1937, aliupigia debe sana. Huku uzi hauzungushwi; sindano inauchota tu, na mkono wa kulia unapumzika.

Shida ni kwamba vitanzi vyangu vya kushoto bado vimelegea. Nikibadilisha mtindo katikati ya sweta, mahali nilipobadilisha pataonekana. Basi nafanya mazoezi kwa vipande vidogo, nafumua, naanza upya.

Tangu niache chuo, watu huniuliza nitarudi kusoma lini. Mi huwaambia nasoma kila jioni. Jana nilimaliza mistari 10 bila kuangalia mikono.