Moshi wa Chumba cha Kupasulia



Sisi watu wa Likasi twajua moshi. Twajua moshi wa makala jikoni, na moshi wa viwanda vya Shituru. Lakini uko moshi mwingine ambao wengi hawajauona, maana hutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ni moshi wa chumba cha kupasulia wagonjwa. Mimi ni muuguzi katika chumba cha namna hiyo, nami naujua kwa harufu yake ya nyama inayoungua.

Moshi huo watoka wapi? Mganga akipasua mwili, damu hutoka. Ili kuizuia, hugusa mshipa kwa ncha ya chuma yenye umeme, na mshipa huungua hata damu ikome. Mganga Harvey Cushing alikitumia chombo hicho huko Boston, Marekani, mwaka 1926, pamoja na Bovie aliyekiunda. Tangu hapo kimeokoa watu wengi, wala mimi sikilaumu.

Basi, tuuangalie moshi wenyewe. Sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Zilizobaki ni sumu, nyingine kama zile za moshi wa tumbako, pamoja na chembe ndogo sana za mwili wa mgonjwa. Wataalamu wamekuta humo hata virusi vya chunjua. Mwaka 1991 ilitangazwa habari ya mganga mmoja wa Norway aliyekuwa akichoma chunjua za wagonjwa kwa mwali wa leza. Naye akaota chunjua kooni mwake. Mambo ya namna hiyo ni machache, lakini yatosha kutuonya. Na barakoa ya kawaida tunayovaa huzuia matone ya mate. Chembe ndogo za moshi hupita pembeni mwake.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuomba chombo cha kuvuta moshi. Akajibiwa kwamba fedha ni za wagonjwa, na mtumishi mwema hajihurumii. Maneno hayo yana sura ya utakatifu, lakini si ya kweli. Nitaeleza kwa nini.

Mwezi wa Aprili 1995, katika hospitali kuu ya Kikwit, nchini kwetu, mtu mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo. Hakuna aliyejua kuwa ana Ebola. Baada ya siku chache, watu waliomhudumia wakaanza kuugua. Sista Floralba Rondi, wa Masista wa Maskini wa Bergamo, muuguzi wa chumba cha kupasulia, akafa tarehe 25 Aprili. Masista wenzake watano wakamfuata kabla mwezi wa Mei haujaisha. Katika ugonjwa ule watu 315 waliugua, na karibu 250 wakafa. Watumishi wa afya walioambukizwa walikuwa kama 80. Sisemi kwamba ni moshi uliowaua. Walioambukizwa waligusa damu na majimaji ya wagonjwa. Lakini sikilizeni: glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga yalipofika na kutumiwa vema, maambukizo ya watumishi yalikoma karibu kabisa.

Masista wale hawakukosa upendo. Vilivyokosekana ni vitu vya kujikinga, na vitu hivyo hununuliwa kwa fedha. Kila muuguzi aliyezikwa aliacha wagonjwa bila wa kuwahudumia. Basi, anayemkinga mtumishi anamkinga na mgonjwa wa kesho.

Kwa habari ya moshi, yafaa nini? Mdomo wa bomba la kuvutia moshi ushikwe karibu na jeraha, kadiri ya sentimita 5, na bomba liwe na chujio, moshi usirudi chumbani. Penye chunjua au kifua kikuu, kila mmoja avae barakoa inayobana uso vizuri. Umeme utumike pale tu unapohitajika. Chumba kiwe na hewa inayobadilika.

Nanyi mnaokaa katika kamati za hospitali, au mnaotoa sadaka kwa ajili ya wagonjwa, mkiandika orodha ya dawa, ongezeni barakoa na chujio. Na muuguzi akiviomba, msimwite mwoga. Anaomba ili apate kurudi kazini kesho.