Jina la Kumi na Tano

Mpwa wangu alikuja Kinyala likizo akitokea Dar es Salaam, na kompyuta mpakato yake begani. Mvua ya Rungwe wenyeji wanaijua: ikishaanza asubuhi hakuna wa kwenda kwenye chai wala Tukuyu mjini. Basi tukakaa jikoni karibu na moto, nikimtazama akicheza mchezo wa kusimamia timu ya besiboli. Humo mtu hagusi mpira wala gongo. Ni majina, tarakimu na maamuzi tu. Nilitaka kucheka, maana kazi ile niliifanya ofisini miaka mingi bila kuiita mchezo.

"Mjomba, nisaidie," akasema. "Ligi imeongezewa timu mbili, nami naruhusiwa kulinda wachezaji kumi na watano tu."

Alinieleza kwamba jambo hilo lilitokea kweli Marekani mwezi Novemba 1997, timu za Arizona na Tampa Bay zilipoundwa. Kila timu ya zamani iliandika majina 15 ya kuanzia. Ukiacha chipukizi wa karibuni, aliyebaki nje ya orodha alikuwa halali ya wageni. Houston hawakumwandika kijana mmoja wa Venezuela, Bobby Abreu. Tampa Bay wakamchukua, na siku ileile wakabadilishana mchezaji na Philadelphia. Huko Philadelphia ndiko alikong'ara, miaka kadhaa. Sasa mpwa wangu alikuwa ndiye Houston, mwaka uleule wa 1997.

"Wa kumi na tano nimweke nani?"

Nikanyamaza. Mkono huu umewahi kuandika orodha ya namna hiyo.

Tulikuwa darasa la saba. Shule ilijaa, ikafunguliwa nyingine ng'ambo ya mto. Watoto wa kitongoji cha katikati wangeweza kusoma upande wowote, na mwalimu wa michezo akamruhusu nahodha wetu ataje wachezaji kumi na watano asiotaka waondoke. Nahodha hakupenda kuandika. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri.

Majina kumi na manne yalikwenda upesi. Wakabaki wawili: rafiki yangu, winga wa kushoto mwenye mwili mdogo, ambaye tulichota maji pamoja tangu utoto, na kijana mmoja mzito asiyejua kupiga pasi, ila alikuwa na viatu vya mpira. Nahodha akasema, "Andika yeyote."

Nikaandika mwenye viatu. Viatu vingeweza kuazimwa.

Orodha ilibandikwa mlangoni. Rafiki yangu alisimama mbele yake muda mrefu kuliko wenzake. Aliujua mwandiko wangu kama anavyoijua njia ya kwao.

Ningependa kusema kwamba alikuja akatufunga. Hakutufunga. Timu yao ilikuwa mbovu, naye aliacha mpira mwaka uleule. Viatu vile navyo vilichanika kabla ya masika kwisha.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipopanda daraja na kuchukua ubingwa wa taifa msimu huohuo, watu walijaa barabarani wakiimba. Nilimwona ng'ambo ya barabara, amembeba mwanawe mabegani. Nilitaka kuvuka nikamkumbatie. Nikapunga mkono tu, naye akapunga. Hadi leo tukikutana sokoni tunaulizana habari za watoto, za ndizi, za bei ya majani ya chai. Hajaniuliza kamwe, nami sijasema.

"Mjomba, umesinzia?"

"La. Nisomee kwanza waliobaki nje."

"Wote? Ni wengi."

"Wote, mwanangu."

Akasoma, mmoja mmoja, hata majina nisiyoweza kuyatamka. Alipofika kwa Abreu akasita, akanitazama huku akitabasamu. Nikamwambia aendelee. Alikuwa bado anasoma mke wangu alipoingia kugeuza ndizi motoni, na mvua haijakatika.