Kuku Wadogo na Baridi ya Mlimani



Sisi wa Buyenzi hatuijui baridi. Joto la Ziwa Tanganyika halituachi. Lakini dada yangu ni mjane, anaishi Mugamba, mlimani, na madaftari ya watoto wake yanatokana na mayai. Juni na Julai usiku wa kule hupenya mifupa. Kuku wake ni wale wadogo wa kienyeji, na kiumbe mdogo hupoteza joto upesi.

Kila nikipanda kwake nambebea pumba za mpunga za Imbo, tunazitandaza bandani. Kuku mkubwa huistahimili baridi kavu. Kinachomdhuru ni unyevu na upepo. Basi ziba upande wa upepo, lakini juu acha nafasi mvuke utoke. Jioni wape mahindi. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na mbawa za mama yao zinatosha.

Mwaka jana dada alitaka kuwalaza vifaranga chumbani kwa watoto, mbabula ya makaa ikiwaka na mlango umefungwa. Nilikataa kabisa. Hewa ile ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Vifaranga hununuliwa, watoto hawanunuliwi. Tukawarudisha kwa mama yao, ndani ya kapu lenye majani makavu.

Ndugu zangu, mnyama ni amana. Watumeni watoto wakague banda kila magharibi; huko nako ni kusoma.

Wabillahi tawfiq.