Viti vya Kusuka, Kutoka Tarime Hadi Mugumu

Akina mama wenzetu, anayesafiri kutoka Tarime kwenda Mugumu hukutana na hali mbili za hewa katika safari moja. Tarime ni mlimani: migomba, kahawa, na baridi ya asubuhi. Ukiteremka kupitia Nyamongo hadi Mto Mara, unapokewa na jua na vumbi. Sisi akina mama wa kanisa tuliokwenda kutembelea wagonjwa tulikaribishwa mara nyingi kwenye viti vya kusuka, vya henzirani au vya matete, na vingi vilikuwa vimepauka.

Kuvirudishia rangi hakuhitaji fundi. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha vikaukie kivulini. Baada ya hapo visuguliwe kwa msasa laini, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Fito zenye ganda linalong'aa, au zilizopakwa vanishi zamani, hazinywi rangi. Hukaa juu juu na kuhamia kwenye nguo za wageni. Zilizomenywa hunywa vizuri. Geuza kiti miguu juu, anzia chini, paka kidogo na kufuta kwa kitambaa. Kupaka mara mbili kwa wepesi ni bora kuliko mara moja kwa uzito. Tarime wakati wa masika, ngojeni siku nzima au zaidi kabla ya kurudia. Bondeni, pakeni alfajiri, upepo haujainua vumbi.

Sasa tuseme kama wauguzi. Nyumba moja tulikuta tapentaini iliyobaki imetiwa katika chupa ya soda, chini ya meza, na mtoto anayejifunza kutembea yuko hapo hapo.

"Ni ya baba yao, ya kuchanganyia rangi," mwenyeji wetu alisema.

Tapentaini, kama mafuta ya taa, huteleza kwa urahisi hadi mapafuni na kuleta nimonia kali. Mtoto akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Akimbizwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani navyo visirundikwe, maana huweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Mwenyeji wetu aliirudisha tapentaini katika kopo lake, akalifungia kabatini. Chai tukainywea mkekani, kwa kuwa viti alivyopaka asubuhi ile vilikuwa bado vibichi.