Deni langu Biharamulo

Haya wadau, nimerudi. Mwenzenu nilikuwa fildi Biharamulo, mazoezi ya kufundisha, na nimerudi na deni.

Siku moja nafundisha urithi, Kidato cha Nne, binti wa dawati la nyuma akauliza: "Ticha, eti albino wanakosa nini mwilini?" Nikajibu fasta: wanakosa tairosinesi, kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Wote wakanakili. Nikajiona bingwa!

Juzi hapa chuo mhadhiri akatuchorea plasmidi. Kwa nyie wa Historia na Kiswahili: ni kiduara cha DNA, unapachika humo jeni unayotaka, ukiingiza kwenye seli inaisoma kama yake. Hiyo ilibeba jeni ya tairosinesi ikiwa imeungwa na jeni ya protini inayong'aa kijani, iliyotoka kwa yavuyavu wa baharini (waliohangaika nayo walipata Nobeli ya Kemia 2008). Hata seli za figo, ambazo hazina habari na rangi ya ngozi, ukizipa plasmidi hiyo zinatengeneza kimeng'enya. Unawasha mwanga wa buluu kwenye hadubini, unakiona kilipo. Nilipenda sana, nikanyoosha mkono: kwa hiyo wenye ualbino wa kwetu wasingeonyesha kijani?

Jibu lilinimaliza. Kukosa tairosinesi inayofanya kazi ni aina mojawapo tu ya ualbino. Kwetu iliyozoeleka ni nyingine. Utafiti wa 1995 kwa Watanzania ulikuta jeni iitwayo OCA2 imekatika kipande cha herufi kama 2,700. Protini ya jeni hiyo hupunguza asidi ndani ya vifuko vinavyotengenezewa melanini. Ikikosekana asidi inazidi, kimeng'enya kipo lakini kazi haiendi.

Sasa sikilizeni. Kwetu Ngara nina mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, ana ualbino. Tangu mtoto mdogo mwenye ualbino alipouawa Muleba mwaka 2024, mkoa wetu huu huu, mama mkubwa anamsindikiza shule kila asubuhi. Na yeye nilishamwambia lile jibu langu la ubaoni. Aliniuliza, "Kwa hiyo mimi nimepungukiwa?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, jamani...

Jana usiku nikampigia.

"Kaka, kwa hiyo ninacho?"

"Inawezekana kabisa unacho, tena kizima. Hujapimwa, ila wengi wa kwetu wanacho."

"Mbona sina rangi sasa?"

"Mpishi yupo jikoni, kuni ndiyo mbichi."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Na kofia je?"

"Kofia vaa. Na mikono mirefu. Jua halijui habari za kuni."

Mwalimu aliyenipokea Biharamulo nimemtumia meseji ndefu awasomee darasani kabla hawajafanya mtihani. Bado hajajibu. Salio limekata na kipindi cha saa nne kinaanza, ngoja nikimbie.