Kocha Aliyerudi Louisiana



Wapendwa, Corey Raymond alifundisha walinzi wa nyuma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, tangu 2012 hadi 2021. Ndicho chuo alichokichezea ujanani. Akaenda Chuo Kikuu cha Florida miaka miwili. Mwaka 2024 akarudi. Kijana mmoja aliyemlea, Derek Stingley Jr., alitwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2019, na mwaka 2022 akachaguliwa wa tatu nchi nzima, na timu ya kulipwa ya Houston.

Mpira wa Kimarekani (si huu wetu wa Simba na Yanga) humdai mlinzi huyo jambo gumu: akimbie kinyumenyume, akimkabili mpinzani aijuaye njia atakayopita, naye haijui. Akiteleza, uwanja mzima humwona. Akikaba vema, mpira haurushwi upande wake, wala hatajwi. Kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa hotuba. Hufundishwa miguuni, hatua kwa hatua, kila siku.

Nami nadhani kurudi ni kugumu kuliko kwenda. Bwana wetu aliporudi Nazareti walimwona mwana wa Yosefu tu, wakampeleka hadi ukingo wa kilima wamtupe (Lk 4).

Kigango chetu kimoja kimemwomba katekista wake wa zamani arejee. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wanamngoja. Yeye bado anasita. Jumapili, baada ya Misa ya pili, nitakwenda kumsikiliza. Mwombeeni.